Neno Ambalo Musimbi Hakuliandika

Musimbi Walubengo anafuma sweta za shule mtaani Huruma, Eldoret. Ana mashine mbili, moja ya kufanyia kazi na nyingine ya kutolewa vipuri, na ukuta wa chumba chake umejaa rangi za shule za huku kwetu: maruni, kijani kibichi, buluu iliyokolea. Mwezi wa Januari hana hata nafasi ya kumaliza kikombe cha chai. Miezi mingine watu humjia kwa jambo lingine. Mwandiko wake ni mzuri na Kiswahili alikipita vizuri sana kidato cha nne, kwa hiyo ndiye anayeandika barua za kuomba kazi za wapangaji wa ploti nzima, risala za kikundi cha akina mama, na wasifu wa marehemu unaosomwa kwenye mazishi. Mtu humletea maneno yaliyopinda, naye huyanyoosha. Mjane mmoja alimwambia, "Huyu bwana alikuwa mlevi, lakini alipenda watoto." Musimbi akaandika kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu aliyependa watoto, na waombolezaji wote wakaitikia kwa vichwa.

Nayasema haya mapema ili utakaposikia alichofanya usidhani alikuwa na nia mbaya.

Mamake, Edinah, hakupita darasa la pili. Ni Mmaragoli aliyeolewa na fundi wa mawe Mbukusu, Walubengo, na tangu bwana huyo afariki amekuwa mpishi katika shule moja ya Yamumbi, akikoroga githeri, mahindi na maharagwe, kwa mwiko unaomzidi kimo mtoto wa darasa la tatu. Watoto wake ni wawili tu: Musimbi, na Lusweti aliyezaliwa miaka sita baadaye.

Lusweti alijaribu kuingia jeshini mara tatu. Mara ya kwanza alikataliwa kwa sababu ya pengo la jino. Mara ya pili nafasi zilijaa akiwa bado kwenye foleni. Mara ya tatu alipitishwa, akatoka uwanjani akiwa na namba imeandikwa mkononi kwa wino. Akina mama wengine walipiga vigelegele. Edinah alikaa kwenye nyasi akavua viatu, kama mtu aliyetembea mbali.

"Mama, si ufurahi? Amepata kazi," Musimbi alimwambia.

"Nimefurahi. Wacha nifurahi nikiwa nimekaa."

Mafunzo yakaisha. Lusweti akapelekwa kwenye kikosi, na kabla ya mwaka kugeuka wakaambiwa watavuka mpaka kwenda Somalia. Alipiga simu Jumamosi moja kusema kwamba simu zao zingebaki, maana kambi waliyopangiwa ilikuwa ya mbele kabisa na hakuna aliyeruhusiwa kuwa na simu huko. Ingebidi waandikiane. Jirani yao wa ploti ya pili, Koplo Obiero, alikuwa akifanya kazi kwenye stoo ya jeshi mjini, na alikubali kuzipeleka barua ziende na magari ya chakula.

Jumapili ya kwanza baada ya kanisa, Edinah alikaa juu ya gunia la nyuzi, mikono magotini, na Musimbi akafungua daftari. Mama alisema kwa Kimaragoli, polepole, akitazama mlango.

"Mwambie nimemsalimu. Mwambie asilale bila viatu. Maji asiyoyajua asinywe. Halafu mwambie neno hili, ulikaze: wakiuliza ni nani atakwenda mbele, asiinue mkono."

Musimbi akaacha kuandika. "Mama, hiyo siwezi kuandika."

"Kwa nini?"

"Hizi barua wakubwa wake wanaweza kuzifungua. Watamwona mwoga. Watamcheka."

"Wacha wamcheke. Anayechekwa yuko hai."

"Lakini Mama..."

"Niliomba Mungu ampe kazi. Sikuomba awe shujaa. Mashujaa nimewaona, wamewekewa maua juu. Andika."

Musimbi akainama, akaandika. Alichoandika ni hiki: *Mama anakusalimu sana na anasema ujitunze. Anasema yeye na majirani wote wanajivunia wewe, na kwamba saa ya kuitwa ikifika usirudi nyuma, maana Mungu yuko mbele yako.* Sentensi ilimpendeza. Aliona itamtia mdogo wake nguvu, na yeyote atakayeifungua ataona kijana huyu ametoka nyumba ya watu wa heshima. Kisha akamsomea mamake kwa Kimaragoli, na katika kusoma akalirudisha lile neno la mkono mahali pake, lote kama lilivyosemwa. Edinah akaitikia kwa kichwa na kwenda kupumzika.

Ikawa hivyo kwa barua tano. Kila mara Edinah alirudia neno lake, kila mara Musimbi aliliruka. Aliruka pia habari za mguu wa mama uliokuwa ukifura jioni na za mwenye nyumba aliyetaka kuwahamisha. Lusweti alijibu kwa penseli, kwenye karatasi zilizokunjwa mara nne. Aliandika juu ya joto, juu ya nzi, juu ya rafiki yake Kiplimo wa huko Turbo ambaye alikuwa akiimba vibaya na hakubali kunyamazishwa.

Jibu la barua ya tano lilifika Jumanne mchana. Edinah alikuwa ametoka kazini mapema kwa sababu ya mguu, naye alikuwepo Obiero alipolileta. Musimbi akalifungua na kulisoma kwanza moyoni.

*Musi, mwambie mama wiki hii nimeogopa sana. Walitaka watu wa kutangulia mbele ya msafara kukagua barabara. Kila mtu akaangalia viatu vyake. Nikakumbuka vile mama alisema, usirudi nyuma. Nikainua mkono. Kiplimo akaniangalia, akacheka, akainua wake. Sasa sisi ndio wa mbele kila tukitoka. Mwambie maneno yake yananisaidia kuliko kitu kingine chochote hapa.*

"Anasemaje?" Edinah akauliza.

"Anasema... anasema chakula si kibaya. Amechoka tu na wali kila siku."

"Na lile neno langu? Amelijibu?"

Musimbi akaikunja karatasi. "Amelijibu. Anasema amelisikia."

Edinah akafumba macho kidogo. "Mungu ni mkubwa," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akaomba chai yenye sukari.

Alipoondoka, Musimbi akaandika barua nyingine, fupi, bila kuinyoosha: *Lusweti, usiinue mkono tena. Mama hakusema vile. Ni mimi niliyeandika. Kaa nyuma, tafadhali.* Akakimbia nayo hadi kwa Obiero, akamkuta akifunga kamba za viatu.

"Gari limeondoka jana, dada," Obiero alisema. "Lingine ni baada ya siku kumi."

"Hakuna njia nyingine?"

"Iko, lakini ni ya msiba. Mtu akifiwa, ofisi inapeleka ujumbe siku hiyo hiyo. Kuna msiba?"

Musimbi akasimama pale mlangoni. Angeweza kusema ndiyo. Ndiyo moja tu, na Lusweti angeitwa kutoka barabarani aambiwe mamake amekufa, na kabla hajajua ukweli angekuwa njiani kuja nyumbani. Lakini mama alikuwa hai, anakunywa chai, na kumtamkia kifo mtu aliye hai si jambo dogo.

"Hapana," akasema. "Hakuna msiba."

"Basi ni siku kumi."

Siku ya saba, saa nne asubuhi, Obiero alisimama kwenye mlango wa chumba cha sweta akiwa amevua kofia. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Yuko hai." Musimbi alishukuru baadaye kwamba alianza na hilo. Juzi yake bomu lililofukiwa barabarani lilikuwa limewalipukia. Kiplimo alikuwa amefariki. Lusweti alikuwa amesafirishwa Nairobi kwa ndege, mguu wa kushoto umevunjika sehemu mbili na masikio hayasikii.

Walimkuta wodini, mguu umefungwa vyuma, uso mwembamba kuliko walivyoukumbuka. Edinah alimshika kichwa kwa mikono miwili akawa anamsemesha bila kukoma, na Lusweti akawa anaangalia mdomo wake, hasikii lolote. Daktari alisema sikio la kulia limekwisha, la kushoto labda litarudi kidogo. Akawaambia wanunue daftari wamwandikie.

Siku ya pili Edinah akiwa ameenda kutafuta chai, Musimbi aliandika ukurasa mzima. Aliandika kila kitu, tangu barua ya kwanza. Lusweti akausoma mara mbili. Alipozungumza, sauti yake ilitoka kubwa, kwa kuwa hakuwa akijisikia mwenyewe.

"Mama alisema nisiinue?"

Wagonjwa wa vitanda vya karibu wakageuka. Musimbi akaitikia kwa kichwa.

"Kila barua?"

Akaitikia tena.

Lusweti akatazama dari. "Nilikuwa naogopa, Musi. Nilikuwa nataka kuangalia viatu vyangu kama wengine. Nikajilazimisha kwa sababu ya mama." Halafu akasema, "Kiplimo aliinua kwa sababu yangu."

Musimbi akaandika: *Nisamehe.*

Lusweti akalisoma, akafunga daftari. "Hiyo siwezi kuijibu sasa. Na usiniulize kila siku. Lakini mama umwambie wewe mwenyewe."

Alimwambia wiki iliyofuata, jikoni mwa shule ya Yamumbi, Edinah akichagua maharagwe kwenye ungo. Musimbi alisema yote akiwa amesimama. Edinah hakuinua macho wala hakuacha kuchagua. Aliokota kokoto, akaitupa, akaokota nyingine.

"Ulifikiri maneno yangu ni ya kijinga," alisema mwishowe.

"Sio hivyo, Mama. Niliogopa wamcheke."

"Mimi sina shule. Sina shamba la kumwachia. Mtoto alienda huko na mimi nilikuwa na neno moja tu la kumpa. Moja. Nikakupa ulibebe." Akautikisa ungo. "Ukalitupa njiani ukamwokotea lingine linalong'aa."

Musimbi akaanza kulia. Edinah hakumfukuza wala hakumsogelea. Kengele ikalia, watoto wakaja na sahani zao, na mama akasimama kupakua.

Lusweti alilazwa miezi minne. Muda wote huo Edinah alipotaka kumtumia maneno alikwenda kwa Warigia, mke wa pasta, ambaye mwandiko wake ni kama wa kuku lakini huandika hata kikohozi ukikohoa. Nyumbani mama na binti walikula meza moja. Waliongea juu ya chumvi, juu ya maji yaliyokatika, juu ya ufunguo umewekwa wapi. Musimbi aliacha kuwaandikia watu. Mtu akimletea barua ya kazi alisema macho yanamuuma.

Lusweti alirudi Februari, kwa magongo, ameachishwa jeshi kwa sababu za kiafya. Aliketi nje ya mlango wa mamake, mlango wa pili kutoka chumba cha sweta, daftari likiwa mapajani. Baada ya wiki mbili alimwambia Musimbi, "Nataka kwenda Turbo kwa kina Kiplimo. Twende wote. Wakiniuliza kitu, utaniandikia."

Walishukia penye lami wakatembea polepole kati ya mashamba yaliyolimwa kungoja mvua. Njiani Lusweti alimsimulia, kwa ile sauti yake kubwa, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Bomu lililipuka saa mbili asubuhi. Kiplimo hakufa papo hapo. Aliishi hadi saa sita, amelala kando ya barabara, Lusweti amemshika mkono bila kusikia anachosema, akiona tu midomo. Aliomba maji. Baadaye midomo ikawa inaita mtu, na Lusweti alijua ni nani kwa sababu neno la mama halihitaji masikio.

"Wakiniuliza," akasema, "usinipunguzie swali. Niandikie vile wamesema."

Babake Kiplimo, Mzee Kipngetich, ni mwalimu mstaafu. Mamake, Jemutai, alikuwa amekonda hivi kwamba kitambaa cha kichwa kilimteleza. Aliwakaribisha kwa mursik, maziwa ya kuganda, akawaonyesha kaburi, wakarudi sebuleni wakakaa. Kisha Mzee akasafisha koo.

"Muulize kijana," alimwambia Musimbi. "Muulize kama mtoto wetu aliteseka."

Musimbi akafungua daftari. Alitamani kuandika swali lingine, lolote. Akaandika hilo hilo: *Mzee anauliza kama Kiplimo aliteseka.*

Lusweti akasoma. Akamtazama Mzee, akamtazama Jemutai.

"Hapana, Mzee," alisema. "Ilikuwa mara moja. Hakujua kitu."

Jemutai akajifunika uso kwa kitambaa, akalia kwa sauti ndogo. Alipomaliza alijimiminia chai, akainywa yote, na mumewe akamwangalia kana kwamba hajamwona akinywa chai siku nyingi. Musimbi alilitazama daftari mpaka walipoaga.

Kesho yake alimweleza mamake yote, hata uongo wa Lusweti. Edinah alisikiliza huku akikanda mguu wake.

"Yule mama anajua kwa nini mtoto wake aliinua mkono?"

"Hapana."

Edinah akaushusha mguu. Halafu akasema, "Lete daftari. Hii Warigia hawezi kuandika. Ni yako."

Musimbi akaleta daftari, akakaa, na mama akasema polepole. Safari hii kalamu ilifuata mdomo.

*Mama Kiplimo, mimi ni mama ya Lusweti. Sijui kusoma. Nilimwambia mwanangu asiinue mkono wakiuliza nani atakwenda mbele. Neno langu halikufika. Binti yangu aliandika lingine, mwanangu akalisoma akafikiri ni langu, akainua mkono, na wako akamfuata. Nimeona si vizuri ulie bila kujua. Binti yangu ndiye anayeandika hata hii.*

Lusweti alipoisoma alikasirika. "Mama, mnawaumiza bure!"

Edinah alimgeukia ili aione midomo yake. "Wameumia tayari," alisema.

Lazarus, dereva wa lori la mahindi anayekaa ploti hiyo hiyo, aliipeleka Turbo. Wiki tatu zikapita bila jibu. Mvua za kwanza zikanyesha. Musimbi alifuma, akafumua, akafuma tena. Mistari ya kola ilikuwa ikimpotea.

Jemutai alikuja mwenyewe, Jumatano moja, viatu vimejaa tope. Alisimama mlangoni pa chumba cha sweta, barua mkononi.

"Karibu, Mama," Musimbi alisema akisimama.

"Nimeisoma," Jemutai alisema. "Mzee pia ameisoma. Nataka nisikie wewe ukiisoma."

Musimbi akaichukua. Alisoma kila mstari, hata ule wa mwisho, bila kupunguza. Alipomaliza, Jemutai alikuwa ameketi juu ya gunia la nyuzi.

"Siku ile mlikuja kwangu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Mama."

"Na ukanywa maziwa yangu."

"Nilikunywa."

Mwanamke mmoja akaja kuchukua sweta ya mtoto, akawaona walivyokaa, akarudi zake. Jemutai akaikunja barua.

"Kiplimo alikuwa wa kufuata wenzake," alisema. "Hata shule alianza kwa kumfuata mtoto wa jirani, hajafika umri. Nilikuwa namchapa kwa sababu ya hiyo tabia." Akatazama ukuta wenye sweta. "Nimekuja njia yote nikifikiria nitakufanyia nini. Sasa nimekuona, na sijui."

"Mama, mimi..."

"Usiniambie pole. Ndugu yako yuko wapi?"

Musimbi akamwonyesha mlango wa pili. Jemutai akaenda, akabisha, Edinah akamfungulia, na mlango ukafungwa. Musimbi alibaki mbele ya mashine. Kati ya vyumba vile kuna mabati tu. Hakusikia sauti ya Jemutai, na akajua kwamba ameomba daftari anaandika mwenyewe. Kisha akasikia sauti ya Lusweti, ambayo siku hizi haiwezi kunong'ona hata ikitaka.

"Hapana, Mama. Siku ile nilikudanganya. Ilikuwa mpaka saa sita."

Kimya.

"Maji aliomba. Nilimpa."

Kimya tena, kirefu zaidi.

"Ndiyo. Wewe. Alikuita wewe."

Ndani ya chumba kile mtu alilia, na mwingine akalia pamoja naye, na Musimbi hakuweza kutofautisha ni nani na nani. Alikaa hivyo hadi mlango ulipofunguliwa na Edinah akaja, akichechemea, akasimama kizingitini. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Usikae peke yako," alisema. "Njoo ndani."

Musimbi akamfuata. Jemutai hakumsogezea kiti, wala hakumwambia atoke. Musimbi akakaa sakafuni karibu na mlango.